Jina la Mangi Mwinga Halifutwi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima maji katika mikoko ya Gazi, Bwana Mangi Mwinga, fundi wa kituo chetu cha utafiti, anastaafu tarehe 30 Juni. Nilishauriwa nimwandikie mistari mitano tu, kwa kuwa fundi hana shahada. Karani wa kituo ni mimi, Everline, na printa iko mezani kwangu. Nitaandika ninavyotaka.

Mangi alianza kazi mwaka 1994, akiwa na rula ndefu ya mbao na daftari. Siku moja tope lilimmeza hadi kiunoni. Viatu vilipotea, daftari likatoka kavu. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza madaftari yale ni ya nini.

Mwaka 2018 alikuja Mwanarusi Abdulrahim, binti wa kisiwa cha Funzi aliyesoma sekondari Msambweni, akapata shahada mbili za hisabati, na sasa alikuwa akisomea uzamifu. Alitaka kujua, kwa hesabu, miche ya mikoko itaishi wapi na itakufa wapi. Hesabu ilihitaji vipimo, na vipimo alikuwa navyo Mangi. Mwanzoni zile alama zake za hesabu zilimshinda mzee, mpaka Mwanarusi alipomweleza kwa mfano wa pipa linalojaa huku likivuja. Wiki iliyofuata Mangi ndiye aliyemwambia kwamba pipa lake linavuja upesi mno, kwa sababu tope la Gazi huyashikilia maji. Mwanarusi akarudia hesabu yote.

Ikaonyesha kwamba upande wa mashariki, ambako mkuu wa mradi wa wakati huo alitaka kupanda miche elfu ishirini mbele ya wafadhili, maji hutuama na miche itaoza. Wakaambiwa wanyamaze. Mangi alikataa kushika hata mche mmoja, akapewa barua ya onyo. Ameibandika sebuleni kwake. Miezi minane baadaye miche ile yote ilikuwa imekufa. Miche mia nne ambayo Mangi na Mwanarusi waliipanda wenyewe, pale hesabu ilipoelekeza, leo imetupita urefu.

Mwanarusi hakuweza kuhitimu bila kuchapisha makala, na katika makala yake aliandika majina mawili: lake na la Mangi. Wakubwa walitaka la fundi lifutwe. Akakataa. Makala ilikwama miezi saba, na mahafali ya mwaka ule yakampita. Mangi mwenyewe alimfuata ofisini kwangu kumsihi.

“Mwanangu, lifute, ukahitimu.”

“Baba, bila vipimo vyako sina hesabu. Silifuti.”

Makala ilitoka mwaka 2022, majina yote mawili yakiwamo. Leo Daktari Mwanarusi anafundisha hisabati tumizi chuo kikuu, na wanafunzi wake huisoma makala hiyo muhula wa kwanza.

Mzee Mangi, ahsante kwa kila kipimo, na kwa kutokubali kunyamazishwa. Mwenyezi Mungu akujalie afya, shamba lako la mihogo likunawirie, na miguu yako ipumzike mahali pakavu. Atakayeshika rula yako, Bi Mbodze, anaanza kazi Jumanne. Jina lake nimekwisha kulichapa juu ya daftari la kwanza, kwa herufi kubwa, wala sikuomba ruhusa.