Hesabu ya Mtindi Aliyoikana Dada Zdravka

Ndugu waombolezaji, mimi ni Rangel, mdogo wake marehemu, fundi wa mota na pampu niliyejifunza kazi kwa kuharibu za watu, nimepewa kusoma, na nitasoma yaliyo kweli.

Zdravka Milusheva alizaliwa Karlovo tarehe 9 Machi 1951, akasoma hapo hapo hadi sekondari, akahitimu biokemia Sofia mwaka 1974, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha chuo kikuu hapa Plovdiv, kazi yake ikiwa kukokotoa nishati huru, yaani kujua ni mmenyuko upi ndani ya kiumbe hai unakwenda wenyewe, na upi hauendi mpaka usukumwe na mwenzake. Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa na Lyuben, mwalimu wa muziki, aliyemtangulia, wakajaliwa mtoto mmoja, Boryana, aliyekaa hapa mbele.

Mwaka 1984 alitoa hesabu iliyompa jina, kuhusu bakteria wa mtindi wetu: mmenyuko mmoja ulidai kilojuli kumi na nne, mwingine ulitoa thelathini, akajumlisha, zikabaki kumi na sita za kusukuma kazi, watu wakafurahi, kwa kuwa kwetu ukiusifu mtindi hakuna anayekuuliza swali la pili. Mwaka 1991 aligundua mwenyewe kwamba mimenyuko ile miwili haina kitu cha kupokezana, mmoja unatoa joto tu na mwingine umelala, akaandika jaridani kuikana hesabu yake, na ukuu wa idara alioahidiwa akapewa mwingine. Nilimfokea kwamba thelathini toa kumi na nne ni kumi na sita hata sokoni, akanijibu, "We Rangel, mota yako iko jikoni, pampu iko kisimani, mkanda hakuna. Haya, nijumlishie maji."

Aliugua saratani ya kongosho tangu Novemba, akafariki nyumbani Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa nne asubuhi. Mpaka sasa sijalia, naona tu mikono yangu imeshika karatasi.

Jana idara ilibandika mlangoni kwake tangazo la kifo, lenye picha yake na hesabu ile ile kama fahari ya maisha yake, nikalibandua kwa matusi, na Profesa Danailov, mkuu wa idara, akaniambia kwa upole, "Mzee Rangel, msibani hatusahihishi mitihani." Boryana naye hakutaka kosa la mama yake litajwe mbele za watu siku ya kumzika, tukazozana jikoni mpaka ngano ya kuchemsha tunayogawa msibani ikapoa sufuriani, kisha akalichukua lile tangazo, akalisoma hadi mwisho, akasema, "Mjomba, huyu simjui. Soma wa kwetu."

Basi huyo ndiye niliyemsoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochemsha ngano mara ya pili, na wenzake wa idara, waliokuja wote ingawa jana niliwatukana. Dada, pumzika, kwa amani uliyoilipia mwenyewe.