Kiti Kitupu cha Mwalimu Wambeti

Wachungaji, wazee, majirani wa hapa Siakago na wageni mliotoka Embu na Maua, mimi ni Ann Kathure, kitindamimba wa marehemu, na wanaopanga viti, hicho kilicho karibu na jeneza naomba kiachwe, hata kama kuna mgeni amesimama.

Marehemu Mwalimu Susan Wambeti alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Ishiara, akasoma msingi huko huko na sekondari Embu, akahitimu ualimu mwaka 1983, akafundisha Kiswahili na michezo ya kuigiza, na wanafunzi wake walipofika mashindano ya kitaifa mlimpigia makofi. Mwaka 1986 alifunga ndoa na baba yetu, Mzee Gichovi, wakajaliwa Mutegi, Gladys na mimi.

Alipostaafu mwaka 2021 alisomea ushauri nasaha, ule wa kutibu moyo kwa maigizo, akaanzisha kikundi cha akina mama ukumbini mwa kanisa kila Alhamisi, anakuwekea kiti kitupu, anakuambia mweke hapo anayekuumiza, mwambie yote, halafu ukikalie wewe, ujijibu kama yeye. Mwaka jana nilipojifungua niliogopa mikono yangu mwenyewe, niliogopa kumwogesha mtoto nisije nikamzamisha, na Mama akasema, hiyo hofu iketishe hapo, iulize inataka nini, nikaiuliza nikilia, mpaka ikafika siku nikamwogesha mtoto wangu, Mama ameshika taulo tu.

Februari mwaka huu mtu wa kamati ya kanisa akachungulia dirishani, akaona mjane anaongea na kiti akikiita jina la mumewe, ikatangazwa Mwalimu anaita mizimu, ukumbi ukapigwa kufuli, na hakuna aliyekuja kumwuliza, ila sokoni mlimwuliza, Mwalimu, leo umeongea na stuli ama na meza, akacheka na nyinyi, akarudi nyumbani asile.

Presha alikuwa nayo tangu 2019, sitasema ni nyinyi mliileta, alipooza upande mmoja tarehe 2 Juni, akalazwa Embu, akatuacha asubuhi ya tarehe 9.

Lakini tangu asubuhi nimewaona, watu wa kamati, mkija mmoja mmoja mbele ya jeneza hili, mkinong'ona, Mwalimu utusamehe, na mnajua hawezi kuwajibu, sasa mniambie, maongezi hayo na ya yule mjane yana tofauti gani, na nani atawafungia nyinyi mlango.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha na sisi, na walimu wenzake. Akina mama wa kikundi, tangu Mama aende nimeanza kuyaogopa tena maji ya kumwogesha mtoto, siwezi kungoja kufuli ifunguliwe, Alhamisi mje hapa kwetu, kiti ni hicho, nitaanza mimi, na nitakayemweka hapo ni yeye.

Pumzika, Mama, kwa amani ambayo hapa hukuachiwa.