Noa Methusela, Mchoma Chokaa wa Ushongo

Leo tunamlaza Noa Methusela, aliyezaliwa Maramba tarehe 4 Machi 1908, mtoto wa kwanza wa mzee Methusela na mama Raheli. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akabatizwa huko huko, kisha jembe la baba yake likamchosha.

Mwaka 1927 alishuka Ushongo, akapokewa na Mzee Idarusi, mchoma chokaa, aliyemfundisha kupanga matumbawe na magogo kwenye tanuu. Moto ukipungua, jiwe hubaki bichi ndani. Ukizidi, vitundu vyake huziba, likagoma kunywa maji. Lililoiva huwa jepesi, na likimwagiwa maji hupata joto, likapasuka na kuwa unga. Kila tanuu lilipofunguliwa, marehemu alivunja jiwe, akachungulia vitundu, akalimwagia maji na kulitegea sikio.

Tabia hiyo nusura imkoseshe mke. Alipofuatana na mshenga kwenda Muheza kuposa, Yudith alimletea maji ya kunywa kwa heshima zote. Noa akatoa mfukoni jiwe lililoiva, akalimwagia maji yote ili binti aone linavyopasuka. Mkeka wa mama mkwe ukababuka. Baba mkwe akauliza kama huyu kaja kuoa au kuchoma nyumba, lakini Yudith alikuwa amekwisha kucheka. Walifunga ndoa Desemba 1934.

Vumbi la chokaa lilimkaa kifuani. Tangu Februari mwaka huu wa 1957 alikohoa damu, akalazwa Tanga, akarudishwa nyumbani. Tanuu la mwisho, la chokaa ya kanisa atakamofunga ndoa binti yake Praxeda, alimwachia mwanawe Fanueli. Maumivu aliyavumilia, chokaa ile ndiyo iliyomnyima usingizi.

Jumapili tarehe 11 Agosti Fanueli alileta jiwe kwenye sahani. Yudith alikuwa ameshika kata ya maji amnyweshe mumewe. Mgonjwa akakataa.

“Lipe jiwe, mama Fanueli.”

Yudith akamwaga. Jiwe likanyamaza. Marehemu alitega sikio, akamtazama mwanawe bila hasira.

“Moto ulizidi, mwanangu. Vitundu vimeziba.”

Akafumba macho, hakuyafumbua tena. Yudith alikuwa bado anamfunga kidevu jiwe lilipoanza kulia, likafuka mvuke, likapasuka, likawa unga mweupe. Lilichelewa tu. Fanueli aliisogeza sahani hadi sikioni mwa baba yake, akaishikilia hapo huku analia.

Ameacha mjane, Yudith. Watoto, Fanueli na Praxeda. Na mwalimu wake, Mzee Idarusi, aliyeketi hapa mbele yetu. Kaburi hili limejengwa kwa chokaa ya tanuu lile.

Imeiva, Noa. Pumzika kwa amani.