Torstein Haugnes, Kocha Aliyetaniwa Tabora

Marehemu Torstein Haugnes alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika mji wa Namsos, Norwei, mtoto wa pili wa fundi wa kupasua mbao. Alisoma huko huko mpaka sekondari. Alisimulia kwamba kwao mwezi Juni usiku hauingii giza, watoto hucheza mpira mpaka mama zao wasinzie. Tulimwita mwongo, tukaja kuambiwa na wenye simu kuwa ni kweli.

Alikuwa beki. Alihama timu hadi timu nchini mwake, wala hakuna iliyombandika picha ukutani. Mwaka 1999 alikuja Tabora kufundisha vijana. Siku ya kwanza aliupiga mpira juu. Tukasonga ugali, tukala, tukanawa, ndipo ukashuka. Anayebisha amuulize Mathias, aliyekuwa golini.

Tarehe 6 Desemba 2003 alifunga ndoa na binti yangu Recheli katika Kanisa la Moravian. Alipokuja kuposa alinikumbatia mimi, mama mkwe, mbele ya wazee. Mjomba wa Recheli akasema, “Huyu hana adabu.” Nikamwambia ana mikono mirefu tu.

Yeremia, Mgogo mtunza vifaa vya timu, ndiye aliyempa kabila. “Mtu anayehama na mabegi maisha yake yote ni mpagazi,” alimwambia. “Na mpagazi ni Mnyamwezi, mtani wangu.” Tangu hapo haikupita siku bila kutukanana.

Mwaka jana alipatwa na kansa ya ini. Dada yake, Sigrid, alitaka arudishwe akazikwe kwao. Alimpigia hospitalini, akamwambia huku yeye ni mgeni, hana ndugu. Wakiwa bado kwenye simu, Yeremia akaingia wodini: “Mpagazi, umelala na mzigo haujafika?” Torstein akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia dada yake, “Mgeni hataniwi. Nizikeni huku huku Tabora, Ntalikwa.” Sigrid akakata simu.

Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa saba mchana.

Ameacha mjane, Recheli; watoto wawili, Asnath na Valentino; na dada yake, aliyefika juzi, tusijue amekuja kuzika au kuchukua. Asubuhi hii Yeremia alijilaza kaburini, kama watani wafanyavyo, akasema hatoki mpaka dada mtu aseme marehemu ni wa nani. Sigrid akamnong'oneza Recheli, akanong'onezwa, kisha akasogea ukingoni. “Ni wenu,” akasema kwa Kiswahili. “Toka, Mgogo, mdogo wangu apite.”

Yeremia akatoka, akajikung'uta udongo.

Torstein, pumzika kwa amani hapa kwenu.