Peres Nasimiyu, Mshindi Ambaye Hakushindana

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, dukani au kwenye foleni ya Waiyaki Way. Punguzeni kelele za sufuria kidogo. Jioni hii tunamkumbuka Peres Nasimiyu, mama wa Uthiru, muuza magauni wa katikati ya jiji. Peres aliaga dunia mwezi wa sita mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na sita. Alikufa kwa saratani ya kongosho. Tunarudia, wasikilizaji: saratani ya kongosho. Familia imetuomba tuseme hivyo waziwazi, maana pale Uthiru kuna watu ambao tayari wana majibu yao, na baadhi walikuja nayo hadi matangani wakayagawa pamoja na chai.

Peres alikuwa mtu wa kushuku. Hilo kila mtu anakubali, hata mumewe, Lenox Were, fundi wa mbao aliyeishi naye miaka thelathini na zaidi.

"Ukimpa Peres zawadi, kwanza anaigeuza aone chini kuna nini," mzee Were anatuambia. "Hata siku nilimwambia nataka kumuoa, aliniuliza nimetumwa na nani."

Walioana mwanzoni mwa miaka ya tisini. Peres alikuwa mwembamba wakati huo. Krismasi ya tatu, akiwa tayari amenenepa, walipoenda kwao Bungoma, mama mkwe alimzunguka polepole uani, akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza. "Huyu analishwa," akasema, na Were akasimama wima zaidi kuliko alivyokuwa amesimama. Mizigo ya sukari na unga ilibaki pale chini bila kuguswa. Enzi hizo, wasikilizaji wapendwa, mwili wa mke ulikuwa cheti cha mume. Ukinenepa, watu walisema Nairobi imekukubali.

Hata biashara ilikuwa hivyo. Peres alikuwa na stoli ya magauni kwenye jengo la maduka madogo, karibu na River Road. Wateja waliingia wakiomba gauni la kuwafanya waonekane wamejaza. Akawatilia sponji mabegani na mikunjo kiunoni, wakatoka wakiwa wapana na wenye furaha.

Halafu dada yake mdogo, Everlyn, akaanza kukonda.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo ukikonda ulikuwa umeshahukumiwa. Watu hawakutaja jina. Walisema tu "ule ugonjwa", kisha wakavuta kiti nyuma kidogo. Everlyn aliishi Waithaka na aliuza mandazi mlangoni pake. Wateja walihama mmoja mmoja, bila kugombana naye. Kikombe chake kikatengwa. Peres mwenyewe alikuwa akikichemsha kikombe hicho kila dada yake alipotoka kumtembelea, na jambo hilo lilimsumbua hadi mwisho wa maisha yake. Everlyn alifariki bila kupimwa chochote. Mpaka leo familia haijui aliugua nini. Jirani zake wote walijua.

Ndiyo maana Peres aliushika unene wake kwa mikono miwili. Ukimwambia "umepungua", umemtukana.

Miaka ikaenda. Jiji likanenepa, wasikilizaji, na msijifanye hamkuona. Tafiti za afya za serikali zinasema kwamba karibu nusu ya wanawake nchini sasa wana uzito uliopita kiasi, na miaka kama kumi na mitano iliyopita ilikuwa robo. Tunafanya kazi tukiwa tumekaa. Chipsi ziko kila kona. Ajabu ni kwamba kadiri jiji lilivyonenepa, ndivyo lilivyozidi kuuchukia unene. Akina dada wa ofisi za Hurlingham wakaanza kufika stolini wakitafuta mikanda ya kubana tumbo. Sponji za mabega zikaishia guniani. Peres aliiuza mikanda hiyo, lakini alikuwa akiwatazama wanunuzi kwa jicho la pembeni.

"Hawa wanalipa pesa wafanane na mgonjwa," alimwambia Mulwa, jirani yake wa stoli, anayeuza viatu.

Daktari alipomwambia ana sukari na presha, na kwamba apunguze kilo, Peres alimshuku pia. Sababu aliyoitoa ni kwamba daktari mwenyewe alikuwa na kitambi.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka jana, kuelekea Krismasi, gauni lake la kanisani likaanza kumlegea. Hakuwa amebadilisha chakula. Tunarudia: hakuwa amebadilisha chakula. Kwanza alishuku gauni. Kisha akamshuku Mulwa, kwamba ana kijicho kwa sababu viatu havitoki. Kisha akamshuku Nyakio, jirani na mwenyekiti wa chama chao cha akina mama, ambaye alikuwa akiuza majani ya chai ya kukata mafuta. Peres aliamini kwamba Nyakio ameyatia majani hayo kwenye chupa ya chai ya chama. Akaanza kufika mkutanoni na chupa yake mwenyewe, anakaa nayo mapajani mkutano mzima.

"Nilijua ananishuku," Nyakio anasema. "Niliacha tu. Nikasema huyo ni Peres."

Peres akaongeza chapati. Akaongeza ugali. Akawa anakunywa uji uliotiwa siagi asubuhi na jioni. Kilo ziliendelea kwenda. Basi akaanza kuvaa sweta ndani ya gauni, kwanza moja, baadaye mbili, ili watu wa River Road na watu wa kanisa wasianze kuvuta viti nyuma. Alikuwa ameona vile viti vinavyovutwa. Aliogopa, wasikilizaji. Aliogopa kufa, na aliogopa kufa kama Everlyn.

Kumbe hakuna aliyevuta kiti. Watu walivisogeza karibu.

Mwezi wa kwanza chama kilitangaza shindano: atakayepunguza kilo nyingi zaidi kufikia Pasaka atapewa blenda. Peres alikataa. Wakamwandika hata hivyo, kwa utani. Siku ya mwisho walikusanyika sebuleni kwa Nyakio kupanda mizani. Zamu yake ilipofika, Nyakio alimwambia avue sweta. Akavua ya kwanza. Wakacheka. Akavua ya pili. Wakacheka zaidi. Akavua ya tatu, akapanda mizani, na sebule nzima ikapiga makofi.

"Mama Debra, tuambie siri," Nyakio akamwambia.

"Hakuna siri. Mimi nakula kuliko nyinyi nyote. Kuna kitu kinanimaliza."

"Ona vile anaficha. Hataki tupungue kama yeye."

Debra, binti yake, alikuwa amekuja kumchukua. Alirekodi yote kwa simu. Anasema katika video hiyo kila mtu anacheka isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ameshika blenda.

Njiani kuelekea nyumbani Peres alimwomba bintiye ampeleke akapimwe vizuri, hospitali kubwa. Debra hatufichi alichomjibu. Ametuomba tukiseme kama kilivyo.

"Nilimwambia, 'Mum, unakaa poa, miaka kumi imetoka kwa uso. Mimi mwenyewe nalipa gym na sipati hiyo. Wewe unashuku kila mtu, sasa umefika kwa mwili wako?' Akageuza uso. Nilidhani nimemchekesha."

Peres akaenda kliniki ya mtaani peke yake, anakopimiwa sukari. Muuguzi akampima uzito, akalinganisha na wa mwaka uliopita, akampa hongera na kumwambia aendelee hivyo hivyo. Usiku huo Peres alimwambia mumewe, "Nimeenda kulalamika, nimerudi na pongezi."

Mzee Were naye anakiri kwamba alifurahi. Alikuwa ameona wenzake wakizika wake zao kwa sababu ya presha. Alidhani wake ameponea.

Mwezi wa tano, asubuhi moja, Peres alikuwa akifungua stoli. Mulwa, yule yule wa kijicho, alipita na katoni ya viatu, akamtazama, akaiweka katoni chini.

"Mama, hayo macho si ya usingizi. Yamekuwa manjano."

Peres alimuuliza kwa nini anamchunguza macho. Mulwa alifunga stoli zote mbili, yake na ya Peres, akamsindikiza hadi hospitali na kuketi naye kwenye foleni mpaka Debra alipofika kutoka kazini. Vipimo vilichukua siku kadhaa. Mwishowe daktari aliwaita mama, baba na binti katika chumba kimoja, akawaeleza: saratani ya kongosho, na imeshasambaa. Akawaambia kwamba ugonjwa huo ni mjanja, mara nyingi unajificha, na kwamba hata ukionekana mapema bado ni mgumu. Hakumlaumu mtu yeyote.

Debra alianza kulia. Mzee Were aliangalia ukuta. Peres akawageukia.

"Sasa mmeniamini," akasema.

Debra anasema mama yake hakuyasema kwa hasira. "Alikuwa kama ametua mzigo. Hiyo ndiyo inaniua mimi. Mamangu ameambiwa ana cancer, na amepumzika, kwa sababu mwishowe kuna mtu ameona kitu yeye anaona."

Aliishi wiki chache baada ya hapo. Hakuvaa tena sweta. Mulwa alipokuja kumwona na maembe, aliyapokea bila kuyageuza.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mzee Lenox Were, kwa Debra na kaka yake Jeremy, kwa Nyakio na akina mama wote wa chama, kwa Mulwa na wafanyabiashara wa lile jengo, kituo chenu kinawapa pole. Mungu awatie nguvu pale nyumbani Uthiru. Na kwa wale ambao bado wananong'ona, wazee kwamba ni ule ugonjwa, vijana kwamba ni zile sindano za kupunguza mwili: mmesikia jina la ugonjwa mara tatu jioni hii. Litoshe.

Sisi wengine tujiulize. Tumezoea kumwangalia mtu kutoka kichwani hadi miguuni na kumpa jibu kabla hajafungua kinywa. Zamani tulitoa hukumu, siku hizi tunatoa pongezi, na mwenye mwili bado hatujamuuliza kitu. Peres alisema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya sebule nzima, kwamba kuna kitu kinammaliza. Pengine usiku huu kuna mtu kwako anayesema hivyo hivyo, na wewe unamwona msumbufu. Zima redio umsikilize.

Peres Nasimiyu, pumzika. Tumekuamini, mama. Tumechelewa.