Edmund Garrod na Neno la Kwenye Kibao Chake

Marehemu Edmund Garrod alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika kijiji cha Brundlesham, Suffolk, mtoto wa pekee wa Bwana Percy na Bibi Hilda Garrod. Alisoma shule ya kijijini hadi miaka kumi na mitano, kisha akaenda kujifunza kazi dukani kwa mjomba wake: kulaza mapaja ya nguruwe katika chumvi, bia na molasi, halafu kuyafukiza moshi. Aliifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2005, na wengi wenu mliopo hapa mmekula Krismasi ya mkono wake.

Kiingereza hutumia neno moja, cure, kwa kuponya mgonjwa na kwa kuhifadhi nyama. Neno hilo mjomba alilichora kwenye kibao juu ya mlango. Mwaka 1961 padri mpya wa Kianglikana alihamia kijijini na binti yake, Cecily, aliyekuwa akisumbuliwa na kikohozi. Cecily alikiona kibao, akadhani ni duka la dawa, akaingia na kumkuta Edmund.

“Kaka, una chochote cha kifua?”

“Nina paja la nguruwe, dada. Kifua sijui, ila lenyewe halijawahi kukohoa.”

Alicheka, akakohoa, akanunua kipande. Kesho yake alirudi kulalamika kwamba bado anakohoa.

“Umemaliza dozi?” Edmund akamuuliza.

Walifunga ndoa tarehe 1 Juni 1963. Kanisani kwetu neno hilohilo la cure humaanisha pia waumini aliokabidhiwa padri, kwa hiyo baba mkwe alimpokea kwa utani: “Kumbe kazi yetu ni moja, mwanangu. Ila yako watu wanaipangia foleni.” Walijaliwa mtoto mmoja, Rosalind.

Oktoba 2018 moyo wa Edmund ulianza kuchoka. Mwezi Januari, hospitalini Ipswich, daktari aliieleza familia kwamba hakuna tiba iliyobaki. Edmund aliomba arudishwe nyumbani. Bibi Cecily alikataa.

“Nikikuondoa hapa nitakuwa nimekukatia tamaa.”

“Cecily, nimechoka kulala na watu nisiowajua. Halafu chai yao ni maji ya kuoshea vyombo.”

Mjukuu wao, Tamsin, alisema kwa sauti ndogo kwamba neno la kwenye kibao, huko kwenye Kilatini lilikotoka, maana yake ilikuwa kutunza.

“Kutunza tu?” Bibi Cecily aliuliza.

“Ndiyo, bibi.”

“Hilo naliweza. Mleteeni koti lake.”

Kitanda kiliwekwa karibu na jiko, mahali alipoweza kukosoa mapishi. Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Februari 2019, Bibi Cecily akimchana nywele.

Familia inamshukuru muuguzi aliyekuja kila siku, na majirani walioleta supu, kuni na maneno ya kuchekesha. Hakuna aliyeombwa amponye, na hakuna aliyemwacha.

Ameacha mke, Cecily, binti, Rosalind, na mjukuu, Tamsin.

Mungu ampokee, na amani imtunze.