Dume Namba Arobaini na Moja: Kumuaga Mosele wa Kitalu cha Ndani

Mosele wangu anastaafu. Tarehe 28 Februari atakabidhi funguo za kitalu cha ndani, baada ya miaka thelathini na minne ya kukitumikia Kituo cha Mbegu cha Ha Raletsae, na kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye bangi ya dawa. Haya, sasa ndiyo niwasalimu: hamjambo nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ndiye 'Mamosele. Jina hili nilipewa siku ya kuolewa, kabla mtoto mwenyewe hajawa hata wazo, kama mnavyojua desturi yetu. Basi jina la Mosele lilifika duniani kabla yake, akaja kulikuta. Wengine mnanikumbuka kwa jembe. Nilipalilia maharage ya kituo hiki miaka kumi na mmoja, mpaka magoti yakakataa. Kamati ya sherehe iliponiomba niandike wasifu huu, nadhani walitaka vichekesho vya utotoni. Vipo. Lakini lipo na jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, mimi niliyeishia darasa la saba.

Mosele aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na sita, amevaa viatu vya kuazima kwa shangazi yake, na kisigino kimoja kikang'oka getini. Akaingia kwa mkuu peku, viatu mkononi, na kazi akapata. Alianza na mtama, akaja maharage. Yale maharage mekundu yasiyooza kwa ukungu, mnayoyala wote na kuyasifia, ni yake. Sisemi kwa kuwa nimemzaa. Hata angezaliwa nyumba ya mbali ningesema hivyohivyo, labda kwa sauti ndogo kidogo.

Kisha serikali ikaruhusu utafiti wa bangi ya dawa, na watafiti wenzake wakaanza kukohoa na kutazama dirishani. Nani alitaka kuandikiwa hiyo kwenye cheti chake? Mosele akanyoosha mkono. Alitaka mmea unaotuliza maumivu na kifafa bila kulevya, na unaostahimili jalidi ya huku kwetu. Mbegu zilizoletwa kutoka nje zilikuwa na dawa nzuri, lakini usiku mmoja wa baridi ulitosha kuziua. Bangi ya milimani haiogopi hata theluji, ila inalevya mpaka punda. Kazi ikawa kuwaoza hawa wawili, na watoto wao, na wajukuu wao, kila mwaka kuchagua wachache wenye dawa ya wageni na ngozi ya wenyeji.

Na mwenyewe havuti chochote. Nusu kikombe cha pombe ya mtama kinamlaza kwenye kiti. Siku moja askari wa kizuizi walimkamata na gunia la mbegu. Kibali anacho, muhuri upo, wakamweka saa nzima wakikisoma juu chini. Mwishowe mmoja akamvuta pembeni kumwuliza kama ipo ya magoti ya mama yake. Mosele akamjibu kwamba hata ya magoti ya mama yake mwenyewe bado hajaipata.

Chuoni walimfundisha majina ya vitu. Macho nilimpa mimi. Nilizaliwa milimani, mahali ambapo bangi ndiyo iliyotupeleka shule sisi tuliokwenda shule. Kila Februari, umande ukiwa haujakauka, wanawake tulipita mistari tukipapasa vifundo vya kila mmea kutafuta madume, na dume likionekana linang'olewa papo hapo. Dume moja likiachwa likamwaga chavua, shamba lote linajaa mbegu na mnunuzi anakucheka. Kwetu mwanamke aliyeacha dume shambani hutaniwa mpaka siku ya kuzikwa. Mosele alikuwa na miaka sita nilipoanza kumtembeza mistarini, na alipofika kumi alikuwa akilijua dume kwa kidole, macho amefumba.

Sasa nafika pale nilipokuwa nikipaogopa.

Ni miaka kumi na miwili iliyopita, mwezi kama huu. Nilimpelekea Mosele chakula cha mchana, ugali na mboga za majani, nikaambiwa yuko maabara. Koti lake la kazi lilikuwa limetundikwa, na funguo mfukoni. Nikasema ngoja nitazame hicho kitalu cha ndani kinachofungwa kama benki. Vibarua hatukuruhusiwa kuingia. Aliyeingia alifukuzwa siku hiyohiyo, hilo nililijua. Nikafungua.

Nilichokiona kilinipandisha joto la aibu. Madume! Tisa, yamesimama wima katikati ya majike, maua yamevimba, siku mbili tatu yapasuke. Nikajiambia, mtoto wangu msomi kasahau yote niliyomfundisha, na wageni watakuja waone. Vibandiko vyenye namba vilikuwepo, ila kila mmea ulikuwa nacho, wa kike na wa kiume, kwa hiyo havikuniambia kitu. Nikayang'oa yote tisa, nikayalaza juani mizizi juu, nikakaa kumngoja nimshangaze.

Aliporudi alisimama mlangoni.

“Nimekusafishia shamba, mwanangu,” nikamwambia. “Ulikuwa unaniaibisha.”

Alipiga magoti penye lile fungu, akawa anageuza mmea mmoja mmoja akisoma namba, mpaka akafika kwa wa arobaini na moja. Huo akaushika kwa mikono miwili. Ulikuwa umeshanyauka. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba katika mimea mia tatu ya mwaka ule, huo peke yake ndio uliokuwa na dawa yote aliyoitafuta na ulevi karibu hakuna, na ulikuwa umepona jalidi mbili. Ulikuwa baba wa kila kitu kilichotakiwa kufuata. Na mbegu za ukoo ule zilikuwa zimepandwa zote. Haikubaki hata moja mtungini.

“Mama, kuna mtu amekuona ukiingia?”

“Hakuna.”

“Basi hukuingia. Chukua bakuli lako, nenda ukapalilie.”

Siku tatu baadaye mkuu wetu, mzee tunayemwita Ntate Sekhonyana, alimwita ofisini. Mimi nilikuwa na jembe langu chini ya dirisha lile, kwenye maharage, na dirisha lilikuwa wazi. Mosele alisema alichanganya mistari, akayang'oa madume mwenyewe. Ntate Sekhonyana akamwuliza mara tatu, na mara ya tatu aliuliza kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango atoke.

“Wewe Mosele, unayelijua dume gizani, leo umechanganya mchana?”

“Nilichoka, Ntate.”

Hapo ndipo ningenyanyuka. Dirisha lilinifika kifuani. Ningeegemea tu na kusema ni mimi. Nilikuwa na miezi saba kufikia kiinua mgongo changu, na Mosele alikuwa ameniambia sikuingia. Nikainama, nikapalilia mstari ambao nilikuwa nimeshaupalilia.

Barua ikaandikwa: uzembe mkubwa wa mtafiti. Bado imo kwenye jalada lake. Mara mbili nafasi ya ukuu wa kitengo ilipotokea, jalada lilifunguliwa na nafasi ikaenda kwa mwingine. Yeye alirudi nyuma vizazi vinne, akaanza upya kutoka kwa mababu, na ikamchukua miaka mitano kufika pale tulipokuwa siku ile kabla sijafika na bakuli langu. Hesabu mnaijua nyie mliosoma. Mmea wake wa sasa, ule mnaouita Sabini na Mbili, umepita majaribio yote isipokuwa ya msimu mmoja. Mwakani utasajiliwa, na mwakani Mosele hatakuwepo. Cheti kitaandikwa jina la atakayekuwa kazini.

Hajawahi kunikemea. Hata kunitazama kwa jicho la pembeni, hapana. Mwaka uliofuata nilichana blanketi langu jekundu la zamani, nikampelekea vipande, naye akavipokea. Tangu hapo kila dume linalotakiwa kubaki hufungwa kitambaa chekundu shingoni. Wageni wengi wanadhani ni kinga ya radi, na nimemsikia mmoja wenu akiwaambia hivyo kwa uso mkavu kabisa. Sasa mnajua ni kinga ya nini. Ni kinga yangu mimi.

Mosele hajausoma ukurasa huu. Katleho, kijana aliyefundishwa naye kazi na atakayeachiwa funguo, ndiye aliyeupeleka kwa mpiga chapa, na nilimwapisha. Aliposoma akaniuliza, “Bibi, una hakika?” Nikamwambia nina miaka sabini na tisa, nikingoja kuwa na hakika zaidi nitakuwa sipo. Mosele atausoma pamoja nanyi, na najua atakasirika kwa mara ya kwanza. Na akasirike. Anastahili.

Ninaloliomba ni dogo. Ntate Sekhonyana, barua ile itoke. Na cheti cha Sabini na Mbili kikija, Katleho ameniambia kanuni zinaruhusu kuandika jina la aliyeuzalisha mmea hata kama hayupo kazini, mradi mkuu wa kituo aombe kwa maandishi. Basi uombe. Haitarudisha miaka mitano, wala viti viwili alivyonyimwa. Mimi nilizoea kung'oa na kuona mambo yamekwisha. Mtoto wangu ndiye aliyenifunza kwamba kilichong'olewa hakisimamishwi tena, unapanda kingine.

Mwanangu, asante kwa maharage, kwa Sabini na Mbili, na kwa ule ugali niliorudi nao nyumbani siku ile, ukaula baridi jioni ukaniambia ni mtamu. Nenda ukapumzike. Uwe na asubuhi ndefu, na mtu mwingine aogope jalidi kwa niaba yako.

Blanketi limekwisha, kimebaki kipande kimoja, cha upana wa kiganja. Wafanyakazi wote, wa zamani na wa sasa, na majirani wa Ha Raletsae, mnatakiwa kwenye uwanja wa kituo. Ntate Sekhonyana aje na jalada. Mimi nitakuja na kitambaa, na mbele yenu nitaingia kitalu cha ndani kwa ruhusa, nilifunge dume la mwaka huu. Ni Jumamosi, tarehe 28 Februari, saa nne asubuhi.